Mate ya Punda Wetu

Mume wangu alipopunguzwa kazi kiwandani Kizota, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, tulinunua punda na mkokoteni tukawa tunauza maji Chang'ombe. Watu wakasema tumeanguka. Tumeanguka wapi, na tunakula? Punda yule ndiye alikuwa unga wetu na mafuta ya taa. Kila asubuhi mume wangu alimtandika fimbo kabla hata hajamfunga, ati punda haendi bila kigongo. Nikimkataza ananiuliza nimeolewa naye au na punda.

Jirani yetu naye alikuwa na punda, na wateja walewale. Kila mara yeye na mume wangu walishikana mashati bombani. Siku moja mume wangu alirudi mdomo umepasuka, akaapa mbele ya watoto kwamba safari nyingine atamwaga damu.

Asubuhi moja tukamkuta punda amelala, anajipiga tumbo kwa mguu wa nyuma, anajiviringisha mpaka fito za banda zimevunjika. Mume wangu hakuangalia mara mbili.

"Jirani amemlisha sumu," akasema, akaingia ndani kuchukua panga.

"Subiri nimpime mate!" nilipiga kelele.

Kwetu, upande wa Zuzu, mnyama akiugua tumbo unamwingiza vidole chini ya ulimi. Aliyekula sumu mate humwagika, mepesi, yana povu. Aliyeziba tumbo mdomo humkauka, na hayo kidogo unayopata huvutika kama mlenda na kunuka uozo. Niliingiza mkono. Punda akaniuma, kidole gumba kikachanika vibaya, lakini mate niliyapata. Yalikuwa mazito, yananuka.

"Si sumu. Tumbo limeziba. Tumpe mafuta, tumtembeze."

"Mambo yenu ya kunusa mate wapelekee ndugu zako!" Akanisukuma nikaangukia madumu, akatoka.

Nilimfuata. Jirani alikuwa anafungua geti. Bapa la panga likamshukia begani, akaanguka chali, mume wangu akamkalia kifuani na kumwekea panga shingoni.

"Sema ulimpa nini!"

"Sijampa kitu, ndugu yangu, Mungu shahidi!"

Watu wakajaa, wanaume wazima, hakuna aliyesogea. Niliwachukia wote. Nilijua mume wangu hatanii, na neno langu peke yake halitamtoa pale.

"Ngoja nimpasue punda," nikamwambia. "Ukikuta tumbo halina kilichoziba, mchinje huyo."

Sijui maneno mabaya hivyo niliyatoa wapi. Akaitikia kwa kichwa, bila kunitazama.

Nilirudi mbio. Punda alikuwa hai, ananiangalia. Kwa mafuta na kutembezwa pengine angeinuka. Nimewahi kuona wakiinuka. Nikamkalia shingoni na kisu cha jikoni, kisu butu, nikakata, nikakata tena, naye akirusha mateke na damu ikiniingia machoni. Nilimtukana mume wangu kwa Kigogo huku nalia. Kisha nikapasua tumbo, mkono ukazama mpaka kiwiko, nikavuta. Ilikuwa mifuko ya nailoni, ile iliyojaa sokoni siku hizo na kutupwa kila mahali, imesokotana na kamba na majani ikawa bonge gumu.

Nilikimbia nalo nikamtupia mume wangu usoni.

"Sumu yako hiyo! Haya, itafune!"

Aliliangalia lile bonge, likimchuruzikia damu mapajani. Panga likamtoka mkononi. Jirani akajivuta pembeni, akakaa chini na kulia kwa sauti mbele ya mkewe.

Tulirudi nyumbani damu imetukauka mwilini. Mume wangu alichuchumaa karibu na punda muda mrefu, akamfukuza nzi kwa mkono. Kisha akaniuliza, taratibu kama mgonjwa:

"Mama watoto, angepona huyu?"

Nilitamani kumwambia ukweli umchome. Lakini nilimwogopa, na nilimhurumia.

"Asingepona," nikasema.

Kesho yake alishika mikono ya mkokoteni akavuta mwenyewe, mimi nikasukuma nyuma. Tulipofika bombani jirani alikuwa wa kwanza kwenye foleni, bega limefungwa kitambaa. Alimtazama mume wangu pale alipokuwa amesimama, katikati ya ile mikono ya mkokoteni, akamrudisha punda wake nyuma, tukateka maji sisi kwanza.