Vema Nyekundu za Mwalimu Khuyên

Mwalimu mkuu Bính hakulisoma jina la Khuyên kwa sauti. Alipofika mahali pale kwenye barua ya wilaya iliyotaja walioshindwa mtihani wa walimu wa Kiingereza alikohoa, akanywa funda la chai, akasema, "Na mwingine mmoja wa shule yetu." Ofisi nzima ya walimu ikainamia meza. Walimu wa Kiingereza walikuwa wawili tu pale shuleni, na mmoja wao, binti Hoài, alikuwa amefaulu hata kabla ya agizo la mitihani kutoka. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kutajiwa.

Barua ilisema kwamba aliyeshindwa atapewa nafasi moja tu nyingine, wiki tatu kabla ya Mwaka Mpya wa Tết. Akishindwa tena ataondolewa darasani, apewe kazi ya kutunza chumba cha vifaa.

Khuyên alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alibakiwa na minne astaafu.

Kiingereza hakukichagua yeye. Ujanani alikwenda Hanoi kusomea Kirusi, lugha iliyokuwa na heshima zake siku hizo, akasoma miaka minne mpaka akawa anaota kwa Kirusi. Alipomaliza, Warusi walikuwa wanafunga virago na hakuna mtoto aliyetaka kufundishwa lugha yao tena. Serikali ikawageuza walimu wa Kirusi kuwa wa Kiingereza. Likizo mbili za kiangazi Khuyên alifundishwa Kiingereza na mzee ambaye naye alikuwa amegeuzwa kutoka Kirusi mwaka uliotangulia, kisha akarudishwa kwao Hải Hậu na kitabu kimoja na sanduku la chaki. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka ishirini na sita. Nusu ya wilaya ilijua salamu za Kiingereza kutoka kinywani mwake.

Sarufi aliimudu. Mpe sentensi yenye pengo, atalijaza huku anachambua mboga. Kilichomzamisha ni msamiati na ufahamu: zile habari ndefu za nyuki, za barafu, za miji ya watu, na chini yake maswali ya kuchagua. Watoto wake aliwafundisha njia ya mkato ambayo walimu wote wa huku wanaijua: usisome habari yote, utachelewa. Chukua neno lililo kwenye swali, lisake kwenye habari, ukilikuta hapo ndipo penye jibu. Kwa mitihani ya watoto njia hiyo ilivusha wengi. Mtihani wa walimu ulitungwa na watu wanaoijua. Neno la swali waliliweka makusudi pale ambapo jibu halipo, na Khuyên akaingia kama panya kwenye mtego wenye dagaa. Alipata kumi na mbili katika arobaini. Waliofaulu walianzia ishirini na nne.

Mumewe, mzee Lượng, alikuwa mchongaji wa sanamu za watakatifu kwa ajili ya makanisa. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Alipoona karatasi zenye maneno ya Kiingereza zimebandikwa kwenye jiko, kwenye mlango, kwenye gudulia la mchuzi wa samaki, hakuuliza kitu. Siku alipoikuta nyingine kwenye banda la nguruwe ndipo aliposema.

"Mama watoto, nguruwe naye kabatizwa?"

"Niache, baba watoto. Nasoma."

"Sikukatazi. Nataka kujua tu, siku ya kumchinja nimwite kwa jina gani."

Khuyên alicheka, kisha akaingia ndani kufuta macho kwa ukingo wa blauzi. Lượng alibaki na patasi mkononi, akijilaumu.

Tarehe ishirini ya Novemba, siku ya walimu, wanafunzi wake wa zamani walikuja na maua kama kila mwaka. Walikuja wenye vitambi, wenye watoto mgongoni, hata fundi pikipiki ambaye hakuwahi kupata zaidi ya alama tatu kati ya kumi. Khuyên aliwaandalia chai na mbegu za maboga, na daftari lake la msamiati akalikalia. Kila aliyesema, "Bila mwalimu nisingekuwa mtu," alimchoma bila kujua. Ndani ya moyo wake alikuwa akisema, Ee Mama Maria, wangejua.

Hoài ndiye aliyebaki mwisho. Alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la sita hadi la tisa, msichana mwenye mkono mzuri wa maandishi, na sasa walikuwa wanakaa ofisi moja. Hata hivyo hakuwahi kupita mlangoni kabla ya Khuyên, wala kumpa kitu kwa mkono mmoja.

"Hoài mwanangu," Khuyên alisema, akizipanga glasi ambazo zilishapangwa. "Nataka unifundishe."

Hoài alisimama wima. "Mwalimu, mimi nikufundishe wewe? Nitaweka wapi uso?"

"Uso weka popote. Mimi wangu nimeshauweka chini. Niletee karatasi za mazoezi, nifanye, unisahihishie. Nimebakiza miezi miwili."

Basi kila Jumamosi mchana Hoài alikuja na karatasi ya maswali arobaini. Khuyên aliifanya mezani sebuleni, chini ya picha ya Bikira Maria, na Hoài aliketi pembeni akikodolea macho ua, kama mtu anayeogopa kumwona mzazi wake akioga. Akimaliza, Hoài alikunja karatasi, akaenda kuisahihisha kwao, na Jumatatu aliirudisha kwa mikono miwili. Ya kwanza ilikuwa na kumi na tisa. Ya pili ishirini na mbili. Kisha ishirini na tano. Karatasi ya sita ilirudi na ishirini na nane, na vema nyekundu zimejipanga pembeni kama pilipili kwenye uzi.

Khuyên aliamini. Aliongezeka uzito kidogo, akarudi kuimba kwaya, akaenda kwa padre kuandikisha Misa ya shukrani kabla ya mtihani wenyewe. Padre akamtania, "Mama, Mungu unamlipa kabla ya kazi?" Akajibu kwamba Mungu ameshaanza kazi, ushahidi anao nyumbani.

Ilibaki wiki mbili Hoài alipokwenda harusi ya binamu yake huko Thái Bình. Jumamosi hiyo hakuja, ila alipita kuacha kitabu kizima cha mazoezi ili Khuyên asikae bure. Kwa haraka ya safari alisahau kwamba majibu yamechapwa nyuma.

Khuyên alifanya zoezi, akaona afadhali ajisahihishe mwenyewe. Akapata kumi na tatu. Alidhani amekosea ukurasa. Akarudia, akafuata kwa kidole, akapata kumi na tatu zile zile. Pengine leo kichwa si changu, alisema. Ndipo alipogundua kwamba karatasi zake zote sita zilitoka katika kitabu hiki hiki. Akazitoa kwenye mkebe wa biskuti, akachukua penseli, akaanza upya moja baada ya nyingine. Palipokuwa na vema ya Hoài, kitabu kilisema kosa. Vema, kosa. Vema, kosa. Karatasi iliyopewa ishirini na nane ilistahili kumi na tano.

Lượng alipoingia kudai wali alimkuta amekaa, mikono imelala mezani kama si yake.

"Kuna msiba?"

"Upo," alisema. "Mimi ndiye maiti, na nimeshalipia Misa."

Jumatatu alimngoja Hoài nyuma ya banda la baiskeli, mahali wanafunzi wasipofika wakati wa vipindi. Alimwonyesha karatasi.

"Swali la sita, mwanangu. Jibu lake lipi?"

Hoài alitazama, rangi ikamtoka. "B, mwalimu."

"Mimi niliandika ipi?"

"D."

"Na wewe uliweka nini hapa?"

Hoài aliifunika ile alama kwa kidole gumba.

"Uliweka vema. Hebu nifundishe, ni lini D imekuwa B? Maana wiki sita hizi mimi nakwenda kanisani kumshukuru Mungu kwa ajili ya D."

Msichana alianza kulia kimya kimya, kichwa kimeinama. "Mkono ulikataa, mwalimu. Nilishika kalamu nyekundu, nikaona maandishi yako, yale yale yaliyokuwa kwenye daftari langu nikiwa mtoto. Mama yangu alisema, mkono unaomtia mwalimu wake kosa utakatika. Nikaweka moja kwa huruma. Halafu ya pili ikabidi ilingane na ya kwanza."

"Wewe unaniona nakwenda kisimani nimefumba macho, unaniambia, mwalimu, njia ni nzuri. Hiyo ndiyo heshima?"

"Nilidhani utapata moyo, na moyo ungekuvusha."

Khuyên alitaka kukasirika, akaitafuta hasira hakuiona. Alichokiona ni uchovu. Yeye mwenyewe angeweza kumtia kosa yule mzee aliyemgeuza kutoka Kirusi? Asingeweza. Wangekutana leo angembebea mkoba na kumwambia Kiingereza chake ni cha malkia.

"Futa machozi, kipindi chako kinaanza," alisema. "Jioni njoo na kalamu. Usije na huruma."

Siku kumi na mbili zilizobaki Hoài alikuja kila siku baada ya masomo. Sasa alisahihisha pale pale, mbele ya mwalimu wake. Kila alipotia kosa alisema, "Nisamehe, mwalimu," kwa sauti ya chini, mpaka Lượng akauliza kutoka uani kama ni mazoezi ya Kiingereza au ya kitubio. Kumi na tatu. Kumi na sita. Kumi na nne. Hoài alimkataza njia ya mkato. Soma yote, mwalimu, kwanza ujue wanasema nini. Khuyên akasoma yote, neno kwa neno, na akagundua jambo la kuogofya, kwamba katika miaka ishirini na sita hakuwahi kusoma habari moja ya Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho ili aielewe. Alikuwa akisaka tu. Na watoto wote wale amewafundisha kusaka.

Hilo hakumwambia mtu. Alimwambia Mungu tu, kwenye Misa ya alfajiri, na hata huko maneno yalimwishia. Alibaki amepiga magoti akisema, "Nihurumie, nihurumie," mpaka mwenye kufagia kanisa akamgusa bega. Zoezi la mwisho alipata kumi na saba.

Mtihani ulifanyika mjini Nam Định, kwenye ukumbi wenye baridi ya Januari iliyoingia mpaka kwenye mifupa. Walimu walikuwa mia na zaidi, wengi wa umri wake, wamevaa makoti kama wagonjwa wanaosubiri dawa. Mwanamke wa kiti cha jirani, mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimnong'oneza, "Dada, wewe wa Kirusi?"

"Wa Kirusi."

"Nilijua. Sisi tunajulikana kwa namna tunavyoshika karatasi, kama tumepewa hati ya kifungo."

Habari ya kwanza ilihusu ndege wanaohama. Khuyên aliisoma yote. Akaielewa, akawaona ndege wenyewe wakivuka bahari, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake maswali yakajibika bila kusaka. Habari ya pili aliielewa nusu. Alipoinua macho kutazama saa zilibaki dakika saba, na habari ya tatu na ya nne hajazigusa. Alijaribu kusoma mistari ya kwanza, maneno yakamkimbia kama kuku. Basi akafanya kile walichofanya wanafunzi wake dhaifu kuliko wote, waliokatazwa kuacha pengo. Alichora C, C, C, mpaka chini. Mwenzake wa miwani alishaweka kalamu, analia bila sauti.

Tết ilipita. Khuyên alifunga vifurushi vya wali wa kunata, akapokea wageni, akacheka palipostahili kuchekwa. Matokeo yalikuja shule zilipofunguliwa. Alipata kumi na tisa. Safari hii mwalimu mkuu Bính alimwita peke yake, akamtilia chai.

"Dada Khuyên, ningekuwa na uwezo..."

"Huna, mwalimu mkuu. Nipe ufunguo."

"Darasa la tisa wana mtihani Juni. Nitamwambia Hoài awachukue."

"Mwambie awasomeshe habari yote," alisema, kisha akainywa chai ile ya moto kwa mara moja ili apate sababu ya kutokwa machozi.

Nyumbani Lượng aliuliza, "Wamesemaje?"

"Nimeanguka."

Alilala kifudifudi juu ya mkeka mchana kutwa. Lượng alikuja mara tatu na bakuli la uji wa samaki, mara tatu akarudi nalo. Ya nne aliketi tu karibu na miguu yake, hakutania.

Kesho yake Khuyên alivaa kama anakwenda kufundisha, kwa sababu hakuwa na nguo za kazi nyingine. Chumba cha vifaa kilipakana ukuta na darasa lake la zamani. Ndani mlikuwa na ramani zilizoliwa na mende, redio za kaseti, na kiti kimoja. Alifuta vumbi kwenye kiti, akakaa, mkoba mapajani. Hakujua mtu anayetunza chumba anapaswa kufanya nini saa moja na nusu asubuhi.

Kengele ikalia. Kupitia ukuta alisikia hatua za Hoài zikiingia, kisha madawati arobaini yakikwaruza sakafu, watoto wanasimama, na ile salamu ya Kiingereza aliyowafundisha yeye, inavutwa kwa pamoja kama wimbo. Hoài hakuwaambia wakae. Labda alikuwa anautazama ukuta. Watoto waliendelea kusimama.

"Kaeni chini," Khuyên alisema polepole kwa Kiingereza, akiwa peke yake, na akangoja kusikia madawati.