Saba Mpaka Filimbi ya Mwisho

Sijui ni nani aliyepanga ligi yetu iendelee miezi ileile vyuo vinapotoa wanafunzi kwenda atachimenti, lakini siku nikimpata tutaongea. Timu ya chuo si timu ya mtaa. Mtaani mchezaji anaoa, anazeeka, anaota kitambi, na bado mko naye. Sisi wa chuo pale Thika, ukifika muhula wa kwenda kujifunza kazi, kipa anaangukia Kisumu, winga anaangukia Meru, na kocha anabaki uwanjani na koni zake.

Mimi nilikuwa kapteni. Tulikuwa tumeanza msimu na moto, mpaka watu wa hosteli wakawa wanatupisha kwenye foleni ya chakula. Halafu atachimenti ikaingia, tukaanza kupukutika. Mara mbili tulishindwa kufikisha timu. Refa aliangalia saa yake, akawapa wapinzani pointi za bure. Hiyo ndiyo wokova, na sheria ya ligi yetu haikuwa na huruma: wokova ya tatu, mnafutwa. Lazima muwe angalau saba uwanjani, mwanzo mpaka mwisho. Mkishuka sita, mechi inakufa na inahesabiwa wokova.

Mimi chuo kilinipeleka gereji moja Kamakis. Usiniulize nilijifunza nini wiki zile. Mwili ulikuwa chini ya gari, grisi mpaka masikioni, moshi wa nyama choma ya jirani ukinitoa mate, lakini akili yote ilikuwa kwa timu. Nilikuwa nikifunga nati moja natoka nje kupiga simu.

"Boss, Jumamosi uko?"

"Aki kapteni, niko shifti."

Haiya! Kila mtu shifti. Ungedhani nchi nzima inajengwa Jumamosi. Fundi mkuu, mzee asiyependa maneno mengi, alinitazama nikienda na kurudi mpaka akachoka.

"Kijana, una bibi?"

"Sina."

"Sasa nini inakuwasha hivyo?"

Nikamweleza yote. Akajikuna kidevu. "Enda ucheze. Lakini ukivunjwa mguu usiniletee. Mimi hutengeneza magari."

Mechi ilikuwa Ruiru, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya ukuta wa mtaa wa Membley. Nilifika nikiwa nakimbia, nikahesabu wenzangu kwa macho, nikahesabu tena. Pamoja nami tulikuwa sita. Wa saba aliyebaki karibu ni straika wetu tu, na huyo sikuwa nimempigia simu kabisa.

Tulikuwa tukiishi chumba kimoja, mimi na yeye, tukipika ugali sufuria moja. Jamaa alikuwa na mguu wa ajabu, lakini kurudi nyuma kusaidia ulinzi, wapi! Tunashambuliwa, yeye amesimama huko mbele mikono kiunoni. Siku moja tukiwa mezani nikamwambia mbele ya timu yote kwamba yeye si mchezaji, ni mgeni wa heshima, anangoja kuandaliwa. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Wiki hiyohiyo akahamisha godoro lake. Na mpaka leo nasema, kuhusu kurudi nyuma nilikuwa sawa.

Refa alikuwa ameshaanza kuangalia saa bodaboda ilipoingia mpaka kando ya uwanja. Akashuka yeye, bado ana ovaroli ya kiwanda cha Thika alikokuwa atachimenti.

"Usiniangalie hivyo," akaniambia huku akivua. "Sijakuja kwa sababu yako."

Saba dhidi ya kumi na mmoja, maze. Mmoja wetu wa ulinzi alivaa glavu akakaa golini. Tulifungwa mpaka mashabiki wao wakaacha kushangilia, wakaanza kutuonea huruma, na hiyo huruma ndiyo iliniuma zaidi. Straika wao alikuwa kila akifunga anapita karibu nami: "Nyinyi ni mabaki. Si mngelala tu nyumbani?" Nilikuwa na kadi ya njano tayari. Ngumi ilijikunja yenyewe. Nikasikia mtu amenishika jezi kwa nyuma. Alikuwa yeye, mgeni wa heshima.

"Meza, kapteni," akaninong'oneza. "Ukitoka tumekwisha. Meza."

Nikameza. Ilishuka ikinichoma kama chai ya moto.

Karibu na mwisho walikuja tena, watatu kwa mmoja. Nilikuwa nimepitwa. Nikaona mtu anateleza chini mbele ya goli letu, akautoa mpira nje, halafu akapiga kelele ambayo sitaisahau. Kifundo cha mguu wa straika wetu kilikuwa kinaumuka kama andazi ndani ya mafuta.

"Anatoka?" refa akauliza.

Akivuka mstari, tunakuwa sita. Nilijua. Msimu mzima nilikuwa nimekosa usingizi kwa sababu ya hesabu hiyo, lakini nilipoona uso wake, Ngai, ligi ilinitoka moyoni kabisa. Nikaogopa, nikaona aibu.

"Toka," nikamwambia. "Acha watufute."

"Wewe una wazimu? Nimetoroka shifti nije nifutwe? Nishike, bwana!"

Tukamwinua, tukampeleka kwenye mlingoti wa goli. Akaukumbatia kwa mikono miwili, mguu mmoja hewani. Wakaja tena, wakafunga, mpira ukampita karibu na goti, na yeye akausindikiza kwa macho tu. Nilikuwa nikimwomba refa kwa sauti, "Piga, mzee, piga sasa," huku machozi yakinishuka na nisijali nani ananiona.

Filimbi ikalia.

"Tumebaki?" akaniuliza, bado kichwa kimelala kwenye mlingoti.

"Tumebaki."

Ndipo akauachia, akaanguka palepale vumbini, na mimi nikaanguka pamoja naye.