Hapana ya Tatu

Ngadiran ameendesha teksi mjini Solo, kisiwani Java, tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, na hajawahi kupokea bakshishi bila kuikataa kwanza. Huikataa mara mbili. Abiria akinyoosha noti, yeye hurudi nyuma nusu hatua, akasema, "Aa, hapana bwana, imetosha." Akisisitizwa, hukataa tena, ila safari hii kwa sauti ndogo zaidi. Mara ya tatu hupokea kwa mkono wa kulia, uso umemsawijika kama mtu aliyeonewa. Huko ndiko kulelewa, kwao. Anayepokea mara ya kwanza ni mroho, na anayetoa mara moja tu hakuwa na nia ya kutoa.

Taabu ni kwamba wageni hawafiki mara ya tatu. Wazungu hasa, ukiwaambia hapana wanasema sawa, wanarudisha noti mfukoni na kukupungia mkono kwa furaha. Mkewe, Suminem, alikwishachoka na habari hizo.

"Umekataa tena?" humuuliza akiwa hata hajavua viatu.

"Nilikataa mara moja tu. Yule mama akaondoka."

"Basi leo tutakula hiyo hapana yako na pilipili."

Maneno hayo hayakumbadilisha. Ngadiran ni mtu wa haya, tena haya ya aina ile inayomchosha mwenyewe. Hawezi kumwomba jirani ngazi. Akinywa chai ya mtu leo, kesho lazima apeleke ndizi. Kitu cha bure humwasha kama upupu, na hapati usingizi mpaka akilipe.

Sasa binti yake, Wulandari, alikuwa akifanya kazi kiwandani Penang, kule Malaysia, na huko akapata mchumba. Kijana mwenyewe anaitwa Hafizul, fundi pikipiki, na baba yake, Saad, ni dereva wa teksi. Ngadiran aliposikia neno teksi roho ikatulia. Dereva humjua dereva. Posa ilipangwa Jumapili, na akina Hafizul wangekuja nyumbani kwa binti, hukohuko Penang, kama ada inavyotaka. Lakini nauli ya ndege ilimtosha mtu mmoja, na Suminem hakuweza kumwacha mama yake aliyekuwa kitandani. Basi Ngadiran akaenda peke yake, baba mtu bila mjomba wala shangazi wa kukaa naye, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Ijumaa alipotua, Saad mwenyewe alikuwa anamngoja uwanjani. Mtu mnene, mcheshi, kofia imekaa upande. Akamnyang'anya mzigo, akamfungulia mlango wa mbele.

"Karibu, mkwe! Leo gari hili ni lako."

Na kweli lilikuwa lake. Saad alimpeleka kumwona binti yake, akampeleka msikitini kwa sala ya Ijumaa, akampeleka kula wali na mchuzi wa kichwa cha samaki, akalipa. Akamzungusha akimwonyesha shule aliyosoma Hafizul na gereji anayofanyia kazi. Alizungumza njia nzima. Ngadiran aliitikia, akacheka panapochekwa, ila macho yake yalikuwa kwenye mita. Ilikuwa imezimwa. Tangu uwanja wa ndege ilikuwa imezimwa, na yeye anajua mita iliyozimwa siku nzima ina maana gani jikoni kwa dereva. Watu wawili walipunga mkono barabarani na Saad akawapita. Ngadiran aliwageukia kuwatazama kama vile ni yeye aliyewanyima mkate wao.

Jioni waliposimama chini ya jengo analokaa Wulandari, alikuwa ameshaikunja noti ya ringgiti hamsini ndani ya kiganja. Ndivyo kwao wanavyoshikana mkono na mtu wanayemheshimu wakitaka kumpa kitu: noti hukunjwa ndogo, hupita ndani ya salamu, na hakuna anayeona aibu. Akampa Saad mkono.

Saad alihisi karatasi. Akatazama.

"Nini hii, mkwe?"

"Ya sigara tu."

"Mimi sivuti. Hapana, bwana, weka."

Moja, Ngadiran akahesabu moyoni, na akaona anashughulika na mtu aliyelelewa vizuri.

"Basi ya mafuta. Umepoteza siku nzima kwa ajili yangu."

"Nimesema hapana. Usifanye hivyo."

Mbili. Sauti ya Saad ilikuwa imeshuka, na Ngadiran aliijua vizuri sauti hiyo ya chini, kwa kuwa hata yake hushuka hivyohivyo. Kumwacha mtu kwenye hapana ya pili ni ukatili; yeye mwenyewe ameachwa hapo miaka mingi. Akamtumbukizia noti kwenye mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko kwa upendo, akapanda ngazi akiwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Saad aliingia garini. Aliwasha mita, akaondoka.

Simu ilikuja baada ya chakula. Wulandari aliipokea jikoni, na aliporudi alikuwa amebadilika rangi.

"Baba, umemfanya nini Baba Saad?"

"Nimemshika mkono kidogo. Kwa nini?"

"Mama Hafizul anasema mumewe kavua shati kalitupa, hataki kula. Amesema Jumapili haji. Ametuma niambiwe hivi: nauli imeshalipwa, kwa hiyo safari imeisha."

Ngadiran akakaa chini. "Lakini alikataa mara mbili tu."

"Alikataa kwa sababu alikuwa anakataa!"

"Mtu hakatai hivyohivyo, mwanangu. Anakataa kwa adabu."

"Huku mtu akisema hapana ni hapana! Dereva wa huku hapewi bakshishi hata na mgeni, sembuse na mkwe wake. Ameomba ruhusa kwa mwenye gari, amejitia manukato asubuhi kwa ajili yako, ameambia kijiwe kizima kwamba leo anamtembeza ndugu yake. Halafu wewe unamlipa kama umemkodi!" Sauti ikamkatika. "Kama hukumtaka Hafizul ungesema tu."

Akaingia chumbani, na wasichana wenzake wa kiwandani wakamfuata, mmoja akimtazama Ngadiran kwa jicho lisilo na huruma hata chembe. Alibaki na sahani yake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mazoea yana taabu. Jambo lililomfanya muungwana Solo lilikuwa limemfanya bahili wa undugu Penang, na aliyekuwa akilia chumbani ni mtoto wake.

Jumamosi asubuhi aliondoka kwa miguu. Hakuuliza njia. Kijiwe cha madereva ni rahisi kukipata katika mji wowote duniani: tafuta chai nzito, kivuli, na watu wanaolalamika. Alikikuta karibu na soko, teksi zimepangwa, madereva wanakula chapati na mchuzi wa dengu. Saad alikuwa amekaa kwenye meza ya mwisho. Wenzake walimwona Ngadiran kabla yake.

"Saad, tajiri wako huyo kaja!"

"Mkwe, na mimi nina gari. Nikuzungushe? Mimi nalipika!"

"Mkwe, dereva wako kagoma, kasema umempunja!"

Wakacheka. Saad hakucheka, wala hakugeuka. Ngadiran alivuta kiti bila kukaribishwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Mwenye kibanda akamletea chai, na mkono wake ukaenda wenyewe mfukoni kutafuta pesa za meza nzima. Aliona ulikofika. Akautoa, akauweka juu ya meza palipoonekana.

"Nimekosa," akasema.

"Hela yako nimeitia kwenye sanduku la msikiti," Saad akajibu. "Na sikukuombea dua."

"Sawa."

"Miaka yangu yote naendesha watu nisiowajua. Siku moja nikasema leo namwendesha mtu wangu. Siku moja tu. Ukaniambia chukua, dereva."

Ngadiran alitaka kumweleza habari za kukataa mara mbili, lakini akaona maelezo ni njia nyingine ya kulipa na kuondoka. Akaikodolea chai mpaka ikaanza kuota utando. Halafu akasema, akitazama meza, maneno yakimtoka kama meno yanayong'olewa.

"Kesho sina mtu wa kukaa upande wangu. Nimekuja peke yangu. Nilikuwa nimepanga kwenda kwenye mgahawa wa Wajava wenzangu, nitafute watu wawili niwape chochote, wavae kofia wakae nami."

Saad akageuka kwa mara ya kwanza. "Uwape chochote."

"Ndiyo."

"Yaani hata ndugu unakodi?"

Madereva walikuwa wameacha kula. Hata aliyekuwa na gari la kumzungusha alikuwa anatazama sahani yake.

"Ndiyo. Kuomba sijui. Sijawahi kumwomba mtu kitu. Sasa nakuomba wewe. Usimwache binti yangu kesho. Na kama una mtu, hata mzee mmoja asiye na kazi, nisaidie naye. Sina cha kukupa, na nisingekupa hata kama ningekuwa nacho."

Saad akasukuma sahani ya chapati katikati ya meza.

"Kula," akasema. "Chai inapoa."

Hakusema atakuja, hakusema hatakuja. Alilipa yeye, na Ngadiran akaacha alipe, jasho likimtiririka mgongoni.

Jumapili wasichana walitandika mikeka. Upande mmoja wa wageni, upande mmoja wa nyumba. Upande wa nyumba, wanawake walikuwa wanne, yaani Wulandari na wenzake, na mwanamume mmoja, aliyekaa katikati ya mkeka mrefu akijaribu kuujaza kwa kukunja miguu kwa upana. Mgahawani hakwenda. Saa ya ahadi ikapita. Wulandari hakuinua uso.

Wageni wakasikika ngazini. Mama Hafizul aliingia na sinia ya tambuu, wakafuata mashangazi na sinia za keki, matunda na pete, kisha wajomba, kisha Hafizul amevaa shati jipya lililomkaba. Wakakaa upande wao, bega kwa bega, mkeka ukajaa. Mlango ukabaki wazi, na Ngadiran hakuthubutu kuutazama.

Saad aliingia wa mwisho, kofia imenyooka, nyuma yake wakiwa wale madereva watatu wa kijiweni, wamenawa nyuso. Akavua viatu, akavuka mikeka, akaja kukaa kando ya Ngadiran, magoti yakagusana. Wale watatu wakajipanga upande wa pili.

Mdogo wake Saad, aliyekuwa msemaji wa wageni, akakohoa. "Kaka, sisi tuko huku."

"Nawaona."

"Upande wa kijana ni huku, kaka."

"Huko mmejaa. Huku tumepungua. Haya, semeni mlichokuja kusema."

Msemaji akamtazama mama Hafizul, naye akageuza uso ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Ikabidi aendelee. Akaeleza kwamba wameona ua bustanini na wamekuja kuliomba, akamsifu kijana, akasifu ukoo, akamaliza kwa kutaja mahari.

Ngadiran alisikia mahari ni nzuri, tena imezidi kiasi cha watu wa hali yao. Machozi yakamjaa, na kwa mazoea ya maisha yake yote akafungua mdomo kusema hapana, hiyo ni nyingi mno. Saad akamfinya paja kwa nguvu.

"Kidogo," Saad akawaambia ndugu zake. "Binti yetu hatoki kwa hiyo. Ongezeni."