Msemaji wa Upande wa Binti

Kwenye semina ya kanisani waligawiwa karatasi yenye swali moja: unataka nini hasa maishani? Spéciose, fundi cherehani wa mtaa wa Gitega, umri hamsini kasoro mwaka, alichungulia kwa jirani. Jirani kaandika: nyumba Kabuga. Naye akaandika: nyumba Kabuga. Akapigiwa makofi.

Uongo mtupu! Kabuga, nje kidogo ya jiji, pazuri, hana ugomvi napo, lakini angefanya nini huko? Alirudi kwenye cherehani yake akijikasirikia, maana jibu alikuwa nalo siku zote na hakuthubutu kuliandika.

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akimtungia maneno kaka yake, Bayingana. Bayingana ni msemaji kwenye gusaba, sherehe ambayo ukoo wa mvulana huja kuomba binti, na wasemaji wawili, mmoja kila upande, huvutana kwa maneno na utani mpaka ng'ombe wa mahari akubaliwe na binti atolewe ndani. Bayingana ana sauti, ana kimo, ana fimbo ya kupendeza. Maneno hana. Maneno yalitoka kwa Spéciose, mguu kwenye pedali, akishona mishanana, mavazi ya maharusi, huku akijibizana na ukuta: mara yeye mwenyeji, mara yeye mgeni. Akiandika kwenye daftari, kaka anapita Alhamisi kulichukua, Jumamosi anashangiliwa. Spéciose huletewa soda na ahsante.

Sasa ilikuwa zamu ya Ishimwe kuombwa. Huyu ni binti wa pekee wa mdogo wao aliyefariki na mkewe kwenye ajali, na aliyemlea ni Spéciose. Bayingana alipita Alhamisi kama kawaida.

"Daftari liko wapi?"

"Hakuna daftari, kaka. Safari hii nasema mwenyewe."

Bayingana akacheka mpaka akaona mwenzake hacheki. "Oya, Spéciose. Mwanamke akae kiti cha msemaji? Watasema ukoo umeishiwa wanaume."

"Waseme. Wakimaliza nitawajibu. Si ndiyo kazi yenyewe?"

"Unataka kutuaibisha."

"Miaka kumi na miwili nimekuaibisha lini?" Akamsukumia daftari jipya na kalamu. "Kama kiti ni chako, andika."

Bayingana aliketi kwenye kigoda cha wateja nusu saa nzima. Aliandika salamu, akaikata. Kisha akainuka na kuondoka bila kuaga.

Usije ukadhani Spéciose hakuogopa. Aliogopa hasa. Akiharibu, atakayechekwa ni Ishimwe, mbele ya wakwe. Lakini alishajua anakitaka kiti kile, na kujifanya hakitaki kulimchosha kuliko hofu.

"Shangazi, na ukikwama?" Ishimwe alimuuliza akipimwa mshanana wake.

"Nikikwama, nitakwama kwa maneno yangu. Simama wima."

Jumamosi, Bayingana aliwahi, akakikalia kiti cha msemaji na fimbo yake mapajani. Spéciose hakubishana naye. Alichukua kiti chake kutoka safu ya wanawake, akakibeba mbele ya wageni wote, akakiweka ubavuni mwa kaka yake na kukaa. Minong'ono ikazagaa. Hakugeuka.

Msemaji wa wageni, mzee Rutayisire, mkongwe wa kazi hii, alitabasamu akiegemea fimbo yake. "Naona wenzetu mmejaaliwa vinywa viwili. Niongee na kipi?"

Watu wakacheka. Bayingana akasimama haraka, akaanza kumsifu binti kwa sauti yake nzito. Spéciose akayatambua maneno yale: ni ya mwaka juzi, yaliyotungwa kwa binti wa watu wengine kabisa. Kaka amefukua daftari la zamani!

"…msichana wetu huyu," Bayingana akamalizia kwa madaha, "wa mwisho kati ya dada saba."

Kila mtu pale alijua Ishimwe hana dada hata mmoja.

Rutayisire hakuikosa hiyo. "Saba? Basi tuleteeni na hao sita! Nyumbani tuna vijana wamejaa."

Turubai zima lililipuka kwa kicheko. Bayingana akarudi kitini.

Spéciose akasimama.

"Hao sita ni mimi," alisema. "Alipobaki peke yake nilikuwa baba yake, nikawa mama yake, nikawa dada yake. Nilikuwa mwalimu wake, fundi wa nguo zake, na mlinzi wa mlango wake. Hesabu, mzee. Ukimtaka wa saba, utapita kwa hawa sita, na mmoja baada ya mwingine watakukatalia."

Rutayisire alimtazama, akahesabu kweli, kidole kwa kidole. Kisha akakigeuza kiti chake, kikamwelekea Spéciose na si Bayingana.

"Basi, mama, tuanze na yule wa kwanza."

"Wa kwanza," Spéciose alijibu, "anauliza mbona umeingia na fimbo ya mchungaji, lakini ng'ombe haonekani."