Vitufe Viwili Mfukoni mwa Koti

Iko siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na Jumamosi iliyopita ilinirudia nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki katika mazishi huko Manyatta, karibu na Embu. Mjane alipewa maikrofoni aseme neno la mwisho juu ya mumewe. Alisimama, akashika leso yake, akaanza. Tulichosikia ni ngurumo. Mama wa watu, mwenye sauti ya upole, alitoka kwenye zile spika kama lori la mawe linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Watoto wa mbele walianza kucheka. Vikombe vya chai vilitetemeka, na naapa niliona ng'ombe wa jirani akilala chini akidhani dunia inakwisha.

Nilimwendea kijana wa mitambo, nikamwomba apunguze besi ili tumsikie mama. Akaniangalia toka kofia hadi viatu. "Guka, tulia," akaniambia, yaani babu. "Hii ndiyo sauti iko na uzito."

Uzito! Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa na hasira ya kuchemsha sufuria ya githeri bila kuni. Na ile hasira, nikikwambia ukweli, nusu yake ilikuwa juu yangu mimi mwenyewe. Kwa sababu maneno kama hayo ya yule kijana niliyasema mimi kabla baba yake hajazaliwa. Kaa hapo nikueleze.

Miaka hiyo kaseti ndizo zilitawala. Nilikuwa kijana wa Muthara, kule Meru, sijaoa, mchumaji wa miraa hodari, na nilikuwa nimenunua sistimu. Usifikirie hivi vitu vyenu vya kutia mfukoni. Hii ilikuwa amplifaya yenye uso wa fedha, mahali pa kuingiza kaseti, na spika mbili zinazonifika kiunoni. Umeme haukuwa umefika kwetu, kwa hivyo niliiendesha kwa betri ya gari. Nikiiwasha Muthara, kuku wa Isiolo walikuwa wanaamka. Panya walihama nyumbani kwetu kwa hiari yao, na hawakurudi mpaka nilipooa.

Usoni mwake ilikuwa na vitufe vya kuzungusha. Kimoja cha kuongeza na kupunguza sauti yote, kingine cha besi, yaani ile sauti nzito ya chini, na kingine cha trebo, ile nyembamba ya juu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua jinsi dunia inavyotakiwa kusikika. Besi mpaka mwisho. Trebo chini kabisa, kama haipo. Na kwa kuwa ndugu zangu walikuwa na vidole vya kuwasha, nilifanya jambo ambalo nililiona ni la akili nyingi sana: niliving'oa vile vitufe viwili, nikavitia katika mfuko wa koti langu, nikaacha vijiti vya chuma vimetokeza tu. Popote nilipokwenda, kanisani, sokoni, shambani, nilitembea na besi na trebo mfukoni. Hakuna mtu angegusa sauti yangu.

Sasa, jirani yetu alikuwa Mzee Baariu. Mkewe alitangulia zamani, na mtoto aliyebaki nyumbani ni mmoja, Karimi, msichana ambaye alikuwa hajaolewa. Mzee alipougua, Karimi alimlisha, akamwosha, akamgeuza kitandani kwa miaka mitatu. Ndugu wa mzee, Kobia, aliishi ng'ambo ya kijito, na katika hiyo miaka mitatu sikumbuki akivuka kijito zaidi ya siku za sikukuu.

Kabla ya kufa, mzee alisema maneno yake kwenye kaseti, kwa redio ndogo ya kwaya ya kanisa. Wakati huo alikuwa ndani na Karimi peke yao. Alipozikwa na siku za msiba zikaisha, wazee wa ukoo wakaitwa asubuhi moja uani kwake wasikilize. Ile redio ya kwaya ilikuwa imetafuna kanda mbili wiki hiyo hiyo, na hakuna aliyethubutu kuipa hii ya marehemu. Basi nani alijitolea? Mimi, Mwiti, mwenye sistimu. Nililaza mtambo kwenye mkokoteni, nikaupeleka polepole kama ninayepeleka bibi harusi.

Watu walijaa. Wazee mbele na fimbo zao, wanawake upande wa jikoni, na kwenye kiti cha pembeni alikuwa Mzee Juma, mwenye bucha pale sokoni, Mwislamu aliyekuwa akinunua mbuzi kwa Baariu tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Niliunganisha waya, nikaweka kanda, nikarudi nyuma nimekunja mikono.

Sauti ikatoka. Mwanangu, ilikuwa sauti ya jitu. Ilitoka chini ya udongo ikapanda kupitia miguuni. Mzee Baariu tuliyemjua alikuwa mtu mwembamba, sauti yake nyembamba vilevile, inapitia puani, na kwenye meno ya mbele alikuwa na pengo lililompigia mluzi kila anapoongea. Yule wa kwenye spika angeweza kubeba ng'ombe begani. Na mimi, nisamehewe, nilifurahi. Nilidhani nimempa marehemu heshima. Nilijiambia, angalia, hata kaburini nimemfanya mwanamume.

Maneno yenyewe yalifuatika kwa shida. Alisema, kwa Kimeru, ila nakuandikia kwa Kiswahili, kwamba shamba la mahindi liende kwa Kobia, na lile la chini lenye miti ya miraa liwe la Karimi.

Hapo uani pakachafuka. Unajua kwetu mwanamke hapandi juu ya mti wa miraa wala hauchumi; tangu zamani hiyo ni kazi ya wanaume. Kumpa binti miti iliyopandwa na babu wa babu yake lilikuwa jambo ambalo wazee hawakuwahi kulisikia. Nikaambiwa nizime. Kobia akasimama, akaegemea fimbo, hakupaza sauti hata kidogo.

"Mimi na Baariu tulinyonya ziwa moja," akasema. "Huyo si ndugu yangu. Karimi, mwanangu, ulimpata wapi huyo mwanamume wa kukusemea?"

Wazee wakanong'onezana. Mmoja akasema kweli, Baariu hakuwa na kifua cha namna hiyo. Mwingine akasema hata mluzi hausikiki, na Baariu bila mluzi ni nani? Mambo yalikuwa wazi: kanda ikikataliwa, mashamba yote mawili yanakwenda kwa Kobia, na Karimi anatoka pale na nguo zake.

Nilimtazama Karimi. Nilitegemea atalia au atatukana. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa ameikodolea macho ile spika kama mtu anayemtazama mgeni mlangoni. Miaka mitatu alimsikia baba yake mchana na usiku, na sasa hata yeye hakumtambua. Mimi ndiye nilimnyang'anya baba yake mara ya pili, nikiwa nimekunja mikono.

Akasema kwa sauti ndogo, "Naomba ichezwe tena."

Mzee Juma ndiye aliyegeuka kunitazama. Aliniuliza kama mashine yangu ina kitu cha kubadilisha sauti, kwa sababu yeye pale buchani husikiliza taarifa ya habari, na akitaka kumsikia msomaji vizuri hupunguza besi. Kobia akamkatiza kwamba mambo ya ukoo hayana haja ya mwenye bucha. Juma akasema hajauliza habari za ukoo, ameuliza habari za redio.

Na mimi nikasema nini? Sikiliza ujinga. Vitufe vilikuwa mfukoni mwangu. Vinanigusa nyonga. Ningevitoa, ningekuwa nimekubali mbele ya wasichana wote wa Muthara kwamba sauti yangu niliyojivunia mwaka mzima ilikuwa takataka. Nikapima hilo upande mmoja, na maisha ya Karimi upande wa pili, na nikaona aibu yangu ndiyo nzito.

"Hapana, mzee," nikasema. "Kanda ndivyo ilivyo."

Mpaka leo nikikumbuka hayo maneno matano nataka kujichapa. Nikiwa peke yangu huwa najitukana kwa lugha tatu, na katika ile ya tatu, ambayo sijui vizuri, najitukana zaidi.

Juma akainuka kitini. Alikuwa mtu mnene, kuinuka kwake kulichukua muda kama wa kuchinja fahali. Akaja mpaka kwenye amplifaya, akainama, akapitisha kidole kwenye ule uso wa fedha. Kidole kikagonga kijiti cha kwanza, kikagonga cha pili.

"Vitufe viko wapi?" akauliza.

Nilitaka kusema sijui. Lakini mkono, mwanangu, mkono hauna adabu. Ulikwenda mfukoni wenyewe. Watu wote wakauona ukienda.

Alisubiri mpaka nikavitoa. Kisha akaniambia, si kwa kelele, kwa ile sauti ya mtu anayempimia mteja nyama: "Umechukua mdomo wa marehemu ukaweka wako. Ukaona msichana anafukuzwa kwao kwa hiyo sauti, na bado ukanyamaza. Mimi nauza nyama, kijana. Nikikuuzia ya mbuzi hupati ya punda. Wewe unauza nini?"

Hakuvichukua vitufe. Aliniachia nivirudishe mwenyewe, mbele ya kila mtu. Nikashusha besi mpaka katikati, nikapandisha trebo mpaka katikati. Sikuongeza chochote cha kwangu. Nikarudisha kanda mwanzo.

Na Mzee Baariu akaja. Akaja na kikohozi chake, na pua yake, na ule mluzi wa pengo kwenye kila neno, mpaka mwanamke mmoja upande wa jikoni akaweka sufuria chini na kujifunika uso. Nyuma yake ulisikia jogoo, na kijiko kikigonga kikombe. Bila shaka ni Karimi akikoroga uji. Ile besi yangu ilikuwa imemeza yote hayo. Akasema kuhusu shamba la mahindi. Akasema kuhusu shamba la chini, kwamba Karimi atatafuta mwanamume wa kumpandia miti na kumchumia, na miti itabaki yake. Safari hii hakuna aliyeniambia nizime, kwa hivyo tukafika mahali ambapo mwanzo hatukufika.

"Kobia, ndugu yangu," ile sauti nyembamba ikasema, "usinikasirikie. Wewe una wana watano wa kukusitiri. Mimi nilikuwa na huyu."

Kobia alikaa chini taratibu. Akainamisha kichwa hadi kikagusa fimbo. Baadaye, wazee walipomuuliza kama huyo ni ndugu yake, alisema ni yeye. Shamba likawa la Karimi, na liko mpaka leo, wajukuu wake wanachumiwa humo.

Nilifunga mtambo wangu kwenye mkokoteni. Hakuna aliyenisaidia kusukuma. Nilipompita Karimi nilitaka kuomba msamaha, akanitangulia. Aliniuliza kama nitakuwa nikileta ile sistimu siku moja moja, amsikie baba yake. Hakuniambia neno baya hata moja, na nakwambia afadhali angenirushia jiwe. Nilikwenda kila Jumapili baada ya kanisa kwa mwaka mzima. Vile vitufe sikuvitoa mahali pake tena.

Mwaka uliofuata niliingia ngumbaru, masomo ya jioni ya watu wazima, nikahitimu mbele ya halaiki ya watu elfu kumi ukihesabu na mbuzi. Mwalimu wetu alitufundisha kuwasomea barua majirani wasiojua kusoma, na sharti lake lilikuwa moja: soma kilichoandikwa, usiongeze chumvi. Wenzangu waliliona sharti jepesi. Mimi nililijua tayari, na nililijua kwa gharama ya aibu. Mimi mwenye kutia chumvi kwenye kila hadithi, kama unavyoona, sijawahi kuitia kwenye barua ya mtu.

Ndiyo maana nakasirika, mwanangu. Nakasirika nikija kukutembelea hapo hosteli yako ya chuo, Nchiru, nikute ukuta unapumua, na taarifa ya habari inasomwa kama mtu yuko ndani ya tangi la maji. Muziki wako ufanye unavyopenda, mimi na majirani tutaziba masikio. Lakini mtu anapoongea, awe mjane, mwalimu, au mama yako kwenye simu, weka vitufe vyako katikati na umwache aje jinsi alivyo. Ukipewa sauti ya mwingine uipeleke kwa watu, ipeleke na kikohozi chake. Usimpambe, usimpunguze. Na ukigundua kwamba umeiharibu, toa vitufe mfukoni siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, hata kama wasichana wote wa dunia wanatazama. Usingoje Mzee Juma ainuke kitini. Siku hizi akina Juma ni wachache. Pale Manyatta nilikuwa peke yangu, na nilirudi nikakaa, na hilo pia linanikera. Ilinipasa kusimama karibu na yule kijana mpaka apunguze.

Haya, inamisha kichwa nikubariki. Mungu akupe masikio ya kutambua watu wako. Akupe mkono mwepesi wa kurekebisha ulichoharibu. Uishi miaka mingi mpaka meno yako yapate pengo, na siku utakapokuwa umenyamaza, apatikane mtu mmoja wa kuicheza sauti yako bila kukuongezea kitu, na walio uani wakusikie, waseme, ndiye.