Programu yangu iliwakataa akina Masika, kisa nilitupa stack trace

Wakuu, heri kwenu. Hili lilinipata mimi mwenyewe, na kwa kuwa halinipi sifa hata kidogo, sina sababu ya kuliongezea chumvi.

Naitwa Kambale, naandika programu hapa Butembo. Parokia moja ya Beni, mji jirani, iliniomba programu ya kutoa kadi za watoto wa kipaimara. Bila kadi, mtoto hasimami mstarini mbele ya askofu.

Niliijaribu kwa majina ya kubuni: Test1, Test2, hadi Test50. Ikaenda vizuri mno, nikajipongeza.

Alhamisi, siku tatu kabla ya sherehe, akanipigia Mama Kavira, secrétaire wa parokia. Padri alikuwa amempa hadi Ijumaa jioni. Akishindwa, kazi ya kadi anapewa mtu mwingine, na mama huyu alijifunza kompyuta kwa jasho.

"Kambale, machine yako inakatala Masika Jeanne," akasema. "Wa kwanza ilimupitisha, mais wa pili..."

Sikumwacha amalize. Nikamwambia atakuwa anakosea kuandika.

(Ujuaji ni ugonjwa, wakuu. Nisameheni.)

Ijumaa asubuhi nikapanda taxi kwenda Beni. Nikafungua log, faili ambamo programu huandika makosa yake. Kila error ilikuwa mstari mmoja tu:

Erreur: 'Masika Jeanne'

Basi. Imetokea wapi? Kwa nini? Hakuna.

Aliyeandika hivyo ni mimi. Ndani ya except, sehemu ya kudaka makosa, niliweka print("Erreur:", e). Yaani nilidaka exception, taarifa nzima ya kosa, nikabakiza neno lake la mwisho, mengine yote nikatupa.

Nikahangaika. Nikabadilisha keyboard, nikainstall programu upya, nikamwandika Masika kwa vidole vyangu mwenyewe. Ikakataa. Mama Kavira ananitazama tu, saa zinakwenda. Aibu ilinishika kweli.

Ndipo nikaondoa print hiyo, nikaweka logging.exception, ambayo huandika stack trace nzima: faili gani, mstari gani, function ipi iliita ipi. Nikajaribu tena.

KeyError, yaani kinachotafutwa hakipo, faili kadi.py, kwenye orodha.pop(jina).

Nikacheka peke yangu. Nilikuwa natambua watoto kwa jina. Kadi ya Masika Jeanne wa kwanza ikitoka, jina linafutwa kwenye orodha. Wa pili akifika, halipo tena.

Kwa msiojua kabila letu la Wanande: binti wa kwanza wa Mnande ni Masika, mvulana wa pili ni Kambale, nyumba hadi nyumba. Parokia ile akina Masika Jeanne walikuwa wanne. Na Mnande aliyesahau hilo ndiye huyu Kambale.

Nikampa kila mtoto namba yake. Kabla ya jioni kadi zote zilikuwa mezani. Mama Kavira akazipanga taratibu, kisha akasema:

"Mi nilikuambia kwa simu. Wa kwanza anapita, wa pili inakatala. Haukusikiliza mupaka mwisho."

Alinipa trace nzima tangu Alhamisi, nami nikamfanyia kama nilivyoifanyia exception.

Jumapili akina Masika wote wanne walisimama mstarini, na aliyekuwa akiita majina ni Mama Kavira. Nilifurahi kuliko wazazi wao.

Funzo langu: ukidaka error, hifadhi yote, usichague neno. Na mtu anayetumia programu yako akikupigia, mwache amalize.

Nanyi wakuu, ni error gani mliimeza ikaja kuwaumbua? Shusheni hapa. Safari hii nasoma mpaka mwisho.