Shilingi Iliyosuguliwa kwa Jivu

Hasira yangu kwa yule mnunuzi wa pesa za zamani haijapoa, na sina haraka ya kuipoza.

Mama yangu, anayeishi Giakanja huko Tetu, ana shilingi moja ya enzi za wakoloni: upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili simba na milima nyuma yake. Aliachiwa na mama yake, aliyeitunza miaka yote ndani ya fundo la kitambaa. Mwaka huu ng'ombe wetu alikauka maziwa, na Mama akawa anaweka akiba ya kununua mtamba kutoka Timau. Akiba ilikuwa inakaribia kutosha. Ndipo mtu wa kanisani akamwambia kwamba shilingi kama ile siku hizi ni mali, na kwamba Nyeri mjini kuna bwana anayezishughulikia.

Asubuhi ya safari nilimkuta Mama jikoni kwenye kigoda, jivu kwenye kisahani, waya ya kusugulia sufuria mkononi. Asiyetujua aelewe hivi: kwetu Tetu mwanamke hupimwa kwa mgongo wa sufuria yake. Wageni wa mahari wakija, wanawake huangalia sufuria kwa nje kabla hawajauliza kilicho ndani. Mama hangeweza kupeleka kitu cheusi mjini. Shilingi iliyokuwa na rangi ya majani ya chai ilitoka kwenye jivu iking'aa kama kijiko cha dukani.

Ofisi ya yule bwana iko juu ya duka la dawa za mifugo. Aliishika shilingi, akaiinua kuelekea dirishani, akamwambia Mama, "Shosho, hii iko sawa kabisa." Kisha akatueleza utaratibu. Ingetumwa ng'ambo, wataalamu waikague, waipe daraja la ubora, waifungie kwenye kasha la plastiki lenye nambari. Ikirudi hapo, bei haitakuwa ya mchezo. Kazi yetu ilikuwa kulipa ada tu, elfu kumi na nane, tena mbele.

Nilipiga hesabu. Nikaipiga tena, kwa sababu ya kwanza haikunifurahisha. Hiyo ilikuwa miguu miwili ya mtamba, na labda mkia. Lakini Mama alikuwa ameshafungua mkoba, ananitazama mimi.

Nikamuuliza yule bwana shilingi ikirudi na daraja lake itauzwa ngapi. Akasema laki moja, hata soko likiwa baya.

"Basi inunue sasa hivi kwa elfu thelathini," nikamwambia. "Ada ulipe wewe, faida ule wewe. Sisi tumetosheka."

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba ana lenzi. Ilikuwa mezani tangu tuingie, kubwa kama kifuniko cha birika, na hakuwa ameigusa. Sasa akaishika, akaigeuza shilingi huku na huku, akavuta pumzi kama daktari mwenye habari mbaya.

"Boss, hii imesuguliwa. Ona mikwaruzo. Wale watu wataandika imesafishwa, na ikishaandikwa hivyo hakuna mtu atataka."

Nilimuuliza ilikuwaje mikwaruzo isionekane wakati pesa ya kupotea ilikuwa yetu. Akasema mwanga haukuwa mzuri. Dirisha ni lile lile, jua ni lile lile la saa nne.

Ningemsamehe wizi, mjini mtu hutafuta riziki yake. Nisichomsamehe ni uso wa Mama. Alimuuliza taratibu, "Kwa hivyo ningekuletea ikiwa chafu, ungenunua?" Yule bwana akasema ndiyo, hiyo weusi ndiyo wanapenda. Mama akafunga mkoba. Maisha yake yote amesugua: sufuria, vikombe, shingo zetu. Hakuna siku mtu alimwambia kwamba kuna watu ng'ambo wanaolipia uchafu, na leo anaambiwa na mtu ambaye hata meza yake ilikuwa na vumbi.

Tulirudi na akiba nzima na shilingi isiyo na daraja. Mama aliifunga tena kwenye kitambaa, lakini kwanza akaipangusa. Sikumkataza.

Jioni ya pili simu yangu ikalia. Ni yule bwana: ameongea na wakubwa, sasa ada ni elfu tisa. Sikuwa nimeomba kupunguziwa. Mimi nimenunua viatu, mbuzi na mabati katika miji yote inayozunguka huu mlima, na najua bei inayoanguka nusu bila kusukumwa haikuwa imesimama juu ya kitu chochote. Nilimweleza Mama huku simu bado iko sikioni. Alikuwa anatoka zizini na koleo la samadi.

"Mwambie kama anapenda uchafu aje hapa," akasema. "Ng'ombe imekauka maziwa tu. Huo uchafu bado inatoa."

Nilimwambia vile vile, neno kwa neno. Alikata simu yeye.